Bi Mwanakheri Pandu, Aliyewaambia Wazee Watoto Wao Wanasikia Nini

Masheikh wetu, majirani wa Mpendae, wazee mliotoka Kidichi na Kiwengwa, na nyinyi mliokuja kutoka mjini baada ya sala ya Ijumaa, familia ya marehemu mzee Pandu inakushukuruni kwa kuja, na kabla hamjatawanyika baada ya hitima hii imeona ikusomeeni maisha ya binti yake, Bi Mwanakheri, kwa sababu wengi wenu mlimjua kwa kazi yake, wachache mlimjua kwa jina lake, na waliomjua kwa moyo wake hawajai mkeka mmoja.

Bi Mwanakheri alizaliwa Kidichi tarehe 3 Machi 1916, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Pandu, mkwezi wa minazi na mchumaji wa karafuu, na mkewe Bi Mize. Baada yake walizaliwa watoto wengine ambao Mungu aliwachukua wakiwa wadogo, mpaka mwaka 1924 alipozaliwa Hasan, naye akaishi. Bi Mize alifariki mwaka 1930, Hasan akiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo mtoto yule alilelewa na dada yake, aliyembeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kutosha miguu yake kuburura chini, na watu wa Kidichi walipomcheka alijibu kwamba mzigo wake haujamwelemea.

Kuhusu masomo, mwaka 1927 baba yake alimpeleka mjini kwa shangazi yake Malindi, akaingia shule ya Serikali ya wasichana, jambo ambalo wakati ule lilizua maneno mengi shambani, maana wazee waliona mwanamwali kwenda kukaa darasani ni kumpoteza. Baada ya mama yake kufariki alirudi Kidichi kila mwisho wa wiki na kila likizo kumlea nduguye. Alihitimu mwaka 1933, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwafundisha watoto wadogo katika shule moja kule mjini, akamleta Hasan akae naye, akamsomesha.

Tarehe 12 Septemba 1936 aliolewa na bwana Abdulla Simai, seremala wa milango na makasha, mtu mpole aliyependa kuimba akipiga randa. Mwezi wa Mei 1938 walijaliwa mtoto wa kiume, Msabah, ambaye alifariki kwa surua kabla hajatimiza mwaka. Baada ya msiba huo Bi Mwanakheri aliacha ualimu, akaomba kufundishwa uuguzi, akamaliza mafunzo mwaka 1942, na tarehe 7 Februari 1943 mumewe naye akafariki kwa homa ya tumbo. Alikaa eda, akaimaliza, wakaja watu wa heshima kumposa, akawarudisha wote kwa adabu, na shangazi yake alipomuuliza sababu alisema kwamba nyumba ile bado inanukia mbao, na ikiacha kunukia ndipo watakapozungumza. Hawakuzungumza tena.

Sasa tuje kwenye kazi iliyomfanya ajulikane. Mwezi wa Juni 1952 alikuja hapa Unguja, katika hospitali ya mjini, daktari wa masikio, Mgoa, Daktari Menezes, akiwa na mashine ya kupimia usikivu wa watoto. Mtoto huvishwa vyombo viwili masikioni, daktari akatoa milio, mingine minene kama ngoma kuu, mingine myembamba kama sauti ya ndege, na mtoto kila akisikia huinua mkono, kisha majibu yanachorwa kwenye karatasi, alama nyekundu za duara kwa sikio la kulia, na za buluu kama msalaba kwa sikio la kushoto. Bi Mwanakheri aliwekwa amsaidie daktari, kwa kuwa alikuwa muuguzi, alikuwa mwalimu, na alijua kusema na watoto.

Katika siku za mwanzo alitoka mzee mmoja, muuza samaki wa Darajani, anatabasamu, amemshika mwanawe mkono, akawaambia waliokaa kwenye baraza kwamba mtoto kapata themanini. Alidhani ni alama za mtihani. Bi Mwanakheri alimkimbilia mpaka nje ya geti, akamrudisha ndani, akamweka kitini na kumweleza taratibu kwamba hesabu ile si ya ushindi, kwamba kadiri inavyopanda ndivyo sauti inavyolazimika kuwa kubwa ndipo mtoto aipate, na kwamba mtoto aliyefika themanini mtu humwita kwa sauti ya kawaida chumbani asipate kitu. Yule mzee akauliza kama ni kweli kwamba miaka yote ile alikuwa akimpiga mtoto asiyemsikia. Bi Mwanakheri alimwambia ndiyo. Akakaa naye mpaka akaweza kusimama.

Siku ile ndipo Daktari Menezes alipoona kwamba kupima ni nusu ya kazi, akampa Bi Mwanakheri chumba kidogo kilicho upande wa bustani, ili kila mzazi akitoka kwenye mashine apite kwake. Daktari alimfundisha kila mstari una maana gani, kwa subira kubwa, naye akatafuta namna ya kuusema kwa Kiswahili cha nyumbani. Wazee Waislamu waliposhtuka kuona masikio ya watoto wao yamechorwa misalaba, aliwaambia ni alama ya mkasi tu, na hata daktari mwenyewe akaanza kuiita mkasi. Aliwauliza akina mama mtoto anageuka kwa sauti ipi, ya kinu, ya mlango, ya adhana, au ya jina lake, na kutokana na majibu yao aliwaonesha wenyewe karatasi ile inasema nini, kwa hivyo wengi walitoka wakiwa wanalia lakini wakiwa wanajua.

Hakuishia kwa wazazi. Palikuwa na mtoto wa Kikwajuni, Jecha, aliyekuwa akila bakora kila siku chuoni kwa sababu katika kusoma Kurani hakuweza kutenganisha sini na the wala kutamka fe. Kipimo kilionesha kwamba milio minene anaisikia vizuri, ila ile myembamba haimfikii kabisa, na herufi zile zote ni nyembamba. Bi Mwanakheri alimwendea mwalimu wake, Maalim Mjaka, ambaye yupo hapa leo na ametupa ruhusa ya kulisema jambo hili. Alimwamkia, akaeleza haja yake, na Maalim akamjibu kwa upole kwamba pengine mashine imekosea.

"Mimi nkimwita anaitika naam," alisema. "Kiziwi haitiki."

"Jina lake ni nene, Maalim, linamfikia," alisema Bi Mwanakheri. "Nnakuomba uzibe mdomo wako kwa msahafu asiuone, umtajie herufi, yeye azirudie."

Maalim alifanya hivyo. Alizitaja herufi moja moja, na Jecha akazirudisha, kafu akairudisha, dali akairudisha, na kila ilipofika sini alinyamaza akawa anautazama msahafu kana kwamba mwalimu naye amenyamaza. Maalim alirudia tena na tena, kisha akaushusha msahafu taratibu.

"Nshampiga sana huyu," alisema.

Tangu hapo Jecha alikalishwa mbele ya Maalim, goti kwa goti, akafundishwa kuitazama midomo na kuhisi pumzi ya herufi kwenye kiganja chake, na Maalim Mjaka akawa ndiye anayewapeleka wanafunzi wake kupimwa. Vivyo hivyo Bi Mwanakheri aliwaendea walimu wa skuli, mjini na shamba, akawaomba wasiseme huku wameupa ubao uso, na mwalimu mkuu mmoja, ambaye jina lake tunalistiri, alipotaka kuitumia karatasi ya kipimo kumwondoa mtoto shuleni kwa kudai hana akili, Bi Mwanakheri alisafiri mpaka kule, akamweleza kwamba mashine ile haipimi akili ya mtu, inapima masikio, na akakaa ofisini kwake mpaka mtoto aliporudishwa darasani.

Familia haipendi kumsifu marehemu kwa kumpunguzia ubinadamu, basi tuseme pia kwamba alikosea. Mwaka 1954 alimwambia mama mmoja wa Mkokotoni kwamba usikivu wa mwanawe hautarudi, kumbe mtoto alikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, alipotibiwa akasikia, na mama yule alirudi kumwambia kwamba kwa ajili ya neno lake alimlilia mtoto mzima kama maiti. Bi Mwanakheri alimwomba radhi mbele ya watu. Kuanzia hapo hakumpa mzazi majibu bila ya kutanguliza neno moja, "kwa leo", akisema, kwa leo masikio ya mtoto wako yamejibu hivi, na wazazi wengi waliishika kauli hiyo kama mtu anavyoshika ukingo wa kitanda.

Lakini kazi hiyo ilimtenga na watu, na hilo halikujulikana na wengi. Ilianza minong'ono kwamba yeye ndiye anayewatia watoto uziwi, kwamba jicho lake ni zito, kwamba mtoto akishapita mikononi mwake hasikii tena. Alipopita vichochoroni Malindi mazungumzo ya barazani yalikatika, na kuna mama aliyemfunika mtoto masikio kwa ncha ya kanga mpaka alipokwisha kupita. Mialiko ya harusi ilipungua, kisha ikakoma. Mara ya mwisho alipokwenda harusini, Ng'ambo, alikaa pembeni mwa mkeka, na mkeka ule ukabaki mtupu ubavuni pake mpaka bibi harusi alipotolewa, naye akaondoka kimya, akaacha zawadi yake kwa mpishi. Haya hakumwambia mtu wa nyumbani kwao, tumeyajua kwa Bi Khamisa, jirani yake wa Malindi, aliyekuwa jikoni harusini siku hiyo.

Mtu mmoja hakumtenga, naye ni ndugu yake Hasan, ambaye alikwisha kuoa Bi Sichana wa Kiwengwa na kupata mtoto wa kike, Tabia, mwaka 1949. Tabia alipokuwa na mwaka na nusu alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini maneno machache aliyokwisha kuyajua yakapotea. Hasan alisema mtoto atasema wakati wake ukifika, maana akigonga mguu sakafuni Tabia hugeuka, na mlango ukibamizwa hugeuka. Bi Mwanakheri alijua kwamba mtoto anahisi mtikisiko na upepo, alilijua hilo mapema kuliko wote, na miaka mitatu alimbembeleza nduguye ampeleke mtoto apimwe. Mwaka 1955 alikubali. Tabia alipimwa mwezi wa Aprili, akapimwa mwezi wa Juni, akapimwa tena mwezi wa Agosti, masikio yakiwa yamesafishwa na hayana ugonjwa, na mara zote sikio la kushoto halikujibu kitu, na la kulia lilijibu milio minene tu, tena mashine ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho.

Daktari Menezes alijitolea kumwambia Hasan yeye mwenyewe. Bi Mwanakheri alikataa, akasema watu wote wameyapokea kutoka kwake, itakuwa vibaya nduguye ayapokee kwa mwingine. Akawaita Hasan na Bi Sichana kwenye chumba kile cha bustanini, akawaeleza karatasi mstari kwa mstari kama alivyowaeleza wengine, na alipomaliza Hasan akangoja. Alikuwa akilingoja lile neno.

"Watu wa Mkokotoni unawaambia kwa leo," alisema. "Na mimi niambie kwa leo, dada."

Bi Sichana anasema wifi yake aliinamisha kichwa, akawa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka sakafuni.

"Kwako siwezi, Hasan. Tumempima mara tatu. Tabia hatosikia."

"Kwa sababu si mwanao," alisema Hasan. "Ndiyo maana imekuwa rahisi."

Bi Mwanakheri akaikunja karatasi ile, akamkabidhi. Hasan aliichukua familia yake, akahamia ukweni Kiwengwa, akamkataza dada yake kukanyaga nyumba yake, na yule mtoto aliyebebwa mgongoni Kidichi hakumwamkia dada yake kwa karibu miaka mitatu. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo Bi Mwanakheri naye alihama Malindi, akaja kujenga kibanda cha udongo hapa Mpendae, wakati hapa bado ni mashamba na nyumba zikitazamana kwa mbali, na alipoulizwa kwa nini ahame mjini alisema anataka mahali ambapo watu wakinyamaza asijiulize kama wamenyamaza kwa sababu yake. Alikula peke yake, sikukuu alizisali na kurudi peke yake, na Bi Khamisa alipomtembelea Idi moja alimkuta amepika biriani ya watu wengi, ameifunika, naye amekaa mlangoni anashona.

Hata hivyo kila mwezi alipanda gari la shamba mpaka Kiwengwa. Nyumbani hakuingia, alitii katazo la nduguye, bali aliteremka pwani kwenye mashimo ya makumbi, ambako Bi Sichana na wanawake wenzake hufukia makumbi ya nazi yaoze wapate usumba wa kusokotea kamba, na pale, miguu ikiwa ndani ya matope, alimfundisha Bi Sichana kusema na mwanawe. Alimfundisha amguse kwanza bega, amtazame, aseme polepole bila ya kupiga kelele, jua lisiwe mgongoni kwake likauficha uso, na kila kitu akipe alama ya mkono, chumvi, maji, baba, njaa, hasira, kesho. Alama nyingine walizibuni wao watatu, wakizicheka. Tabia alizipokea upesi kuliko wote, na baada ya mwaka alikuwa akiandika jina lake mchangani kwa kijiti. Shangazi yake akirudi mjini mtoto huyu alilifuata gari mpaka kwenye bomba la maji, akasimama hapo.

Mwaka 1957 Daktari Menezes alirudi kwao, akaja daktari mwingine, na Bi Mwanakheri akaendelea na kazi yake ile ile. Mwanzoni mwa mwaka 1958 alianza kuvimba miguu, akajua ni figo, akanyamaza.

Idi Mosi ya mwaka huo, asubuhi, Hasan alikuja Mpendae na Tabia. Tunayajua yaliyomleta kwa sababu ameyasema mwenyewe. Alikuwa amerudi nyumbani siku moja akamkuta mkewe na mwanawe wamekaa uani wanazungumza kwa midomo na mikono, mtoto anacheka mpaka anajishika mbavu, na yeye, baba mtu, hakujua wanacheka nini. Akakaa pembeni kama mgeni. Alipomuuliza mkewe nani amewafundisha, Bi Sichana hakuficha. Basi akapiga hodi hapa mlangoni, akamwamkia dada yake, akajibiwa marahaba, kisha Hasan akasema kwamba anataka afundishwe na yeye.

Bi Mwanakheri alimtazama usoni.

"Kanyoe kwanza hizo sharubu," alimwambia. "Mwanao haioni midomo yako."

Hasan alinyoa siku ile ile, kwa wembe wa jirani, na Tabia alipomwona alimshika kidevu kwa mikono miwili akakitazama sana. Yale maneno ya mwaka 1955 hayakutajwa tena baina ya ndugu hawa, wala hatuwezi kukuambieni kwamba yalifutika, kwa kuwa Bi Mwanakheri alimwambia Bi Khamisa kwamba kuna siku bado huyasikia. Lakini alikula chakula cha mchana na watu siku hiyo.

Maradhi yalizidi mwezi wa Machi mwaka huu wa 1959, akaacha kazi, na tangu Julai Tabia alikaa naye hapa, akimpa maji, akimnyoosha miguu, wakizungumza kwa mikono hata alipokuwa hana tena nguvu ya kutoa sauti, na hivyo ikawa mgonjwa huyu hakukosa mtu wa kusema naye mpaka mwisho. Alilazwa hospitali mjini tarehe 5 Oktoba, na Jumatano tarehe 14, alfajiri, Mwenyezi Mungu alimchukua, akiwa na umri wa miaka arubaini na mitatu, na alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Ameacha ndugu mmoja, wifi, na mtoto wa ndugu yake. Walioingia katika kile chumba cha bustanini hatukuweza kuwahesabu, ila tuliwaona juzi wakipokezana jeneza, na yule muuza samaki wa Darajani alikuwa mbele, na mwanawe, sasa kijana mrefu, alikuwa nyuma yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu mwenzao kwa huruma, inamshukuru Daktari Menezes aliyeleta salamu zake kwa simu ya maandishi, Maalim Mjaka na wanafunzi wake waliosoma hitima, walimu wa skuli waliofika, wafanyakazi wenzake wote, majirani wa Mpendae, na hasa Bi Khamisa, jirani yake wa zamani, ambaye alikuja hata pale wengine walipoogopa kuja.

Limebaki neno moja. Tabia amekaa hapa mbele pamoja na baba yake, na katika haya yote yaliyosomwa hakusikia hata moja, amekuwa akizitazama nyuso zenu. Hasan ameomba neno la mwisho lisisomwe kwenye karatasi, lisemwe polepole, uso ukiwa umeinuliwa, ili na Tabia alipate. Kwa hivyo mliosimama dirishani tunakuombeni msogee kidogo, mwanga uingie.

Shangazi Mwanakheri, pumzika. Mola akupe amani.